Kofia ya Mwanga na Kichwa cha Msusi

Kusuka nywele ni kazi ya kusimama. Watu huona vidole tu. Husema, "Una mikono mizuri!" Miguu hawaioni. Msusi wa hadithi hii alikuwa na mikono mizuri na miguu iliyovimba. Kila jioni aliiweka juu ya kigoda na kuitazama kama wageni waliokataa kuaga.

Watu walimwita Kaza. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu msuko wake haukulegea. Ungelala nao, ungeoga nao, ungegombana nao na mumeo, na wenyewe ungebaki vilevile. Mteja akitokwa na machozi kwenye kiti, Kaza alimpigapiga begani.

"Vumilia, dada. Ukitaka uzuri sharti udhurike."

Wateja wengine walikuja wamekwisha kumeza dawa ya maumivu nyumbani. Kaza aliona ni akili nzuri hiyo.

Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, kikitazama barabara. Kilikuwa na kioo kikubwa, viti viwili, na birika la maji ya moto ya kuchovya ncha za misuko. Nywele za kuongeza zilining'inia kwenye msumari, nyeusi upande huu, za kahawia upande ule. Nyuma ya pazia waliishi watu wanne: Kaza, mume wake aliyekuwa fundi redio, binti yao aliyekuwa anakaribia kumaliza shule, na mama mkwe. Mama mkwe huyo nyumba nzima ilimwita Bibi.

Kichwa cha Kaza daima kilikuwa na kitambaa. Wateja walidhani ni pambo. Haikuwa hivyo. Juu ya masikio yake, pande zote mbili, nywele zilikuwa zimekwisha. Paji la uso lilikuwa limepanda, likapanda tena, na halikuonyesha dalili ya kushuka. Aliyejua siri hiyo ni binti yake, kwa sababu ndiye aliyemsuka. Siku ya mapumziko walikaa uani wakasukana, mama akimaliza kichwa cha mtoto, mtoto akianza cha mama.

"Vuta za katikati," Kaza alisema. "Zilete mbele zifunike. Vuta! Unaniogopa?"

"Mama, zinakatika."

"Zitakatika ukilegeza. Kaza."

Binti akavuta. Alikuwa na mikono ya mama yake.

Dada wa Kaza alifanya kazi mbali. Yeye pia nywele zake zilikuwa zimepungua, ila zake zilipungua utosini, pale zinapogawanywa. Siku moja alipiga simu akiwa na furaha.

"Mdogo wangu, zinarudi! Nimenunua kofia ya leza. Unaivaa, inawaka mwanga ndani, basi. Nakutumia kama hiyo hiyo."

Kofia ilifika ndani ya boksi. Kwa nje ilikuwa nyeusi na ngumu. Kwa ndani ilikuwa na vitaa vidogo vyekundu. Maelezo yaliandikwa kwa lugha ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeisoma vizuri, kwa hiyo waliyaacha ndani ya boksi. Bibi alikuwa anachambua mchele.

"Kofia ya nani hiyo?" akauliza.

"Kofia ya mwanga, mama," Kaza akajibu.

Bibi aliweka ungo chini. "Mwanga gani? Ana jina? Anakaa wapi?"

Fundi redio alicheka mpaka akakohoa. "Mama, si mwanga wa kuroga watu. Ni mwanga wa taa."

"Wanga wote hutembea na taa," Bibi alisema. "Mimi nimekwisha sema. Mkikuta jogoo hawiki asubuhi, msiniulize."

"Hatuna jogoo, mama."

"Mnaona? Ameshaondoka!"

Fundi redio naye aliijaribu kofia. Kichwa chake kilikuwa kipara tangu siku nyingi, kitupu na laini. Binti yake akamwambia, "Baba, hapo ni uwanja wa ndege. Hauoti mti hapo." Wakacheka wote, hata Bibi. Kaza ndiye hakucheka. Aliichukua kofia, akaivaa juu ya msuko wake na kuwasha. Alisikia joto kidogo. Moyo wake ulijaa matumaini kiasi kwamba aliona haya.

Tangu siku hiyo hakukosa. Aliivaa asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Aliivaa jioni miguu ikiwa kigodani. Dada yake alimwambia kwenye simu, "Mimi huivaa mara chache kwa wiki, kama ilivyoandikwa." Kaza akajisemea kwamba mwenye shida kubwa hanywi dawa ya mwenye shida ndogo. Akaivaa kila siku, na muda akauongeza. Bibi alikuwa akipita mbali na mlango.

Miezi ikapita. Nywele hazikurudi. Siku moja bafuni alipitisha kidole juu ya sikio lake akakuta ngozi tupu, laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kulia bila sauti, maana mteja alikuwa anasubiri. Alikuwa amechoka. Alichoka kusimama, alichoka kuficha, alichoka kutumaini. Kisha akanawa uso, akafunga kitambaa na kwenda kumsuka mtu mwingine.

Jirani yao wa nyumba ya pili alikuwa nesi. Alifanya kazi kwenye kliniki ya ngozi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu. Alasiri moja aliingia kwa Kaza na kukaa kitini.

"Naomba unisuke, dada," alisema. "Ila usivute."

"Nisivute?" Kaza akashangaa. "Sasa si ukasukwe na upepo?"

"Suka tu. Ulegeze pale mbele. Vinyweleo vya mbele viache kabisa."

Kaza alisuka huku amenuna. Kazi legelege kama hiyo ilikuwa aibu kwake. Lakini kadiri alivyosuka ndivyo alivyozidi kutazama. Nesi alikuwa amemzidi umri, na nywele zake za mbele zilikuwa zimejaa kama za msichana. Alipomaliza, akashindwa kujizuia.

"Nesi, nikuulize kitu. Si changu. Ni cha rafiki yangu."

"Uliza."

"Rafiki yangu huyo nywele zake za pembeni zimeisha. Anatumia kofia ya leza. Haimsaidii. Kwa nini?"

Nesi alimtazama kwenye kioo. "Huyo rafiki yako amevaa kitambaa?"

Kaza aliweka kitana chini. Kisha akaenda kufunga mlango wa barabarani, akavua kitambaa. Nesi hakusema "maskini" wala hakushika mdomo. Aliinuka tu, akamgeuzia kichwa chake dirishani penye mwanga.

"Kofia unaivaaje? Nionyeshe."

Kaza akaileta na kuivaa, akaeleza kwamba aliyeituma ni dada yake, ambaye zake zinarudi.

"Juu ya msuko?"

"Sasa nifumue? Msusi asiyesukwa nani atamwamini?"

Nesi akaguna. "Dada yangu, huu ni mwanga, si maji. Hautiririki ukapenya. Ukikuta nywele nene njiani, unaishia hapo hapo. Lazima ufike kwenye ngozi. Kichwa kiwe kisafi, nywele zitengwe, mafuta mazito yasiwepo. Miezi yote hii umekuwa unazitibu nywele za dukani."

Kaza alitaka kucheka, akashindwa. "Basi nikifumua, itanifaa?"

Nesi alivuta kiti karibu. Alikaa, akamwashiria Kaza naye akae.

"Sitaki kukudanganya. Dada yako upungufu wake uko wapi?"

"Utosini. Mama yetu naye alikuwa hivyo hivyo."

"Hiyo ni ya ukoo. Nywele zinakuwa nyembamba polepole, lakini mizizi bado iko hai, imesinyaa tu. Mwanga wa leza unaweza kuiamsha. Si kwa kila mtu, na si kwa siku chache. Mtu anatumia miezi kadhaa kabla ya kujua kama unamfaa, na akiacha, faida nayo hupotea. Lakini mwanga huamsha kilicholala. Haufufui kilichokufa. Ndiyo maana mumeo hata angelala na hiyo kofia, asingeota kitu."

"Na mimi?"

"Wewe huna ugonjwa wa ukoo, kwa ninavyoona. Wewe umevutwa."

"Nimevutwa na nani?"

"Na msuko. Mzizi wa nywele ukivutwa kila siku, kwanza unauma. Baadaye unatoa vipele. Baadaye nywele inakatika. Ukiendelea kuvuta, ngozi inafunga kovu, na pale hakuna kofia wala dawa itakayootesha kitu. Sasa wewe ukiona zimepungua, unafanya nini?"

Kaza alisema kwa sauti ndogo, "Navuta za katikati zifunike."

"Ndiyo hivyo. Ukimwagilia mche huku unaung'oa, maji yana kosa gani?"

Pazia likasogea. Binti aliingia na vikombe vya chai. Alikuwa amesukwa jana, mistari myembamba iliyonyooka, kazi ya kutia fahari. Nesi alipokea kikombe, lakini macho yake yalibaki kwenye paji la uso la yule binti.

"Njoo hapa, mwanangu. Hivi vipele ni vya nini?"

"Hutoka nikisukwa, shangazi. Hukauka vyenyewe."

"Kichwa huuma?"

"Siku za mwanzo tu. Nalala na mto shingoni, ili kichwa kisiguse kitu."

"Na hapa pembeni? Hizi fupi fupi zimekatika zenyewe?"

Binti alimtazama mama yake. Nesi naye akageuka.

"Nani anamsuka huyu?"

Kaza aliusogelea uso wa binti yake. Alikuwa amezoea kuvitazama vipele vile kama mtu anavyotazama vumbi la barabarani. Ni mikono yake iliyoviweka pale.

"Mimi," akasema.

"Na wewe unasukwa na nani?"

"Na mimi," binti akajibu. Kisha uso wake ukabadilika. "Shangazi, kumbe ni mimi niliyemfanya mama hivi?"

"Mimi ndiye niliyekwambia uvute," Kaza alisema. Sasa alikuwa analia waziwazi, wala hakujali kama mtu anagonga mlango. "Mimi yamenipata. Lakini huyu, nesi. Huyu itakuwaje?"

"Huyu bado mapema," nesi alisema. "Ikiwa bado mapema, dawa ni moja tu, kuacha kuvuta. Mfumue leo. Na njooni kliniki wote wawili. Mimi ni nesi. Daktari aangalie, na damu ipimwe. Nywele hupungua kwa mambo mengi, na uchovu wako huu sijaupenda."

Kliniki ilikuwa na mabenchi marefu na watu wengi waliotazama sakafu. Walingoja sana. Daktari wa ngozi alikuwa mwanamume mwenye sauti ya chini. Alikipima kichwa cha Kaza kwa lenzi yenye taa, kwanza kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena.

"Upande wa kulia bado naona vitundu vya nywele," akasema. "Ukizipumzisha, huenda zikarudi kiasi. Kushoto ngozi imeshafunga. Sitakuahidi kitu."

"Na hii kofia, daktari?" Kaza alikuwa ameibeba ndani ya mfuko.

"Haijakudhuru, na haitakusaidia mahali nywele zinapovutwa. Iweke pembeni. Na siku nyingine, mama, ukitaka kutumia kifaa kama hiki, njoo tuone kwanza nywele zinapungua kwa sababu gani. Wengine wana fangasi, wengine wana homoni, wengine wanatumia dawa zinazoifanya ngozi isistahimili mwanga. Na muda ulioandikwa ufuatwe. Kuzidisha si kuharakisha."

Damu yake ilikutwa imepungua. Alipewa vidonge vya kuongeza madini ya chuma, na daktari akamwambia kwamba upungufu huo nao huchosha mwili na kupunguza nywele. Wakati wa kurudi nyumbani Kaza alitembea polepole, na binti alimshika mkono. Kichwa cha binti kilikuwa kimefumuliwa, kimesimama wima pande zote.

"Mama, nitasukwaje sasa?"

"Twende kilioni. Ule msuko wa mistari michache, minene, bila nywele za kuongeza."

"Twende kilioni? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nywele ndizo zinazopumzika."

Kofia ilirudishwa kwa dada, awe nayo ya akiba, na maelekezo ya nesi yakamfuata kwa simu. Bibi alisimama mlangoni mpaka boksi likapotea njiani. Hapo ndipo alipokubali kwamba inawezekana ilikuwa taa tu, ingawa, alisema, yeye hana haraka ya kuamini.

Kazini ndiko kulikokuwa na shida. Kaza alianza kulegeza misuko ya wateja, na wateja hawakupenda.

"Leo umekula?" mmoja alimuuliza. "Mbona mikono haina nguvu?"

"Nimekula. Kama unasikia maumivu, nimekosea. Nifumue nianze upya."

"Mimi nataka ikae mwezi mzima na zaidi!"

"Ikae hivyo, na nywele zako ziende wapi?"

Yule mama aliondoka na msuko nusu. Wengine walimfuata. Wakasema mtaani kwamba Kaza amelegea, kwamba amezeeka, kwamba ana mgonjwa nyumbani. Siku nyingine alikaa kutwa bila mteja, na hilo lilimwuma kuliko alivyotaka kukubali. Miguu yake tu ndiyo iliyofurahi. Siku hizo alimwuliza mumewe kama hajafanya ujinga.

Fundi redio aliweka chini bisibisi yake. "Mtu akiniletea redio akaniambia niiunguze ili ilie kwa sauti zaidi, niiunguze?"

"Hapana."

"Basi."

Siku moja alikuja mama na mtoto mdogo, hajatimiza hata umri wa kwenda shule. Alitaka asukwe nywele ndefu za kuongeza, zivutwe juu, zifungwe. Mtoto alikuwa anashika kichwa kabla hata hajaguswa.

"Huyu simsuki hivyo," Kaza alisema. "Nywele za kuongeza ni nzito kwake."

"Kwani wewe ni daktari?"

Kaza alikuwa amechoka siku hiyo, amechoka mno kubishana. Akavua kitambaa. Hakufunga mlango. Watu walipita barabarani, na mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri kwenye kiti cha pili akashika mdomo wake.

"Mimi si daktari," akasema. "Mimi nilivutwa. Na nimewavuta wengi. Tazama hapa, shika. Hapa hapataota tena. Nikimfanyia mwanao hivi, utanisamehe?"

Yule mama alinyoosha kidole, akaipapasa ile ngozi tupu. Alimtazama mtoto wake kwa muda. Kisha akamkalisha kitini.

"Msuke utakavyo," akasema.

Habari hiyo ilizunguka mtaa mzima, maana mtaa hauna kazi nyingine. Safari hii haikumwumiza Kaza. Kina mama wakaanza kuleta watoto wao. Wanawake wengine walikuja na vitambaa vichwani, wakaomba mlango ufungwe kwanza, wakauliza kuhusu "rafiki" zao. Kaza aliwasikiliza. Wenye nywele zilizovutwa aliwafumua na kuwaambia wapumzike kati ya msuko na msuko. Wenye kupungua utosini, au waliotoka mabaka, au walioona nywele zinadondoka ghafla, aliwapeleka kwa nesi. Hakujifanya anajua asichokijua.

Mwaka ulizunguka. Siku moja ya mapumziko, mama na binti walikaa uani kama kawaida yao. Binti alikuwa nyuma, anamchana mama yake kwa kitana cha meno mapana.

"Kulia zimeota, mama. Laini, lakini zimeota."

"Na kushoto?"

Binti alipapasa. Kitana kikasimama.

"Sema tu, mwanangu. Najua."

"Kushoto bado hakuna."

"Basi hakuna. Nimekwisha kukulilia, kushoto kwangu." Kaza akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshusha mzigo lakini mgongo bado unauma. "Zamu yako. Kaa hapa."

Binti akakaa chini, katikati ya magoti ya mama yake. Paji lake la uso lilikuwa safi. Pembeni, mahali palipokuwa na nywele zilizokatika, palikuwa pamejaa. Kaza aligawa nywele polepole, akashika kidogo kidogo, akasuka bila kuvuta. Uani palikuwa kimya. Baada ya muda alisikia kichwa cha binti kimekuwa kizito kwenye goti lake. Akainama kumtazama. Amelala.

Kaza alisimamisha vidole. Alikuwa amesuka vichwa vingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na watu wamelia mikononi mwake, wamekaza meno, wamemeza dawa. Hakuna aliyewahi kulala. Aliendelea kusuka taratibu zaidi, asimwamshe.